Huruma Nayo Ikaguliwe

Mtu aliyemchukua mnyama kwa huruma ndiye hukasirika kuliko wote mkaguzi anapopiga hodi. Mwenye bucha amezoea. Bwana afya akija anamkaribisha, anamwonyesha mizani, gogo la kukatia na mhuri kwenye nyama. Lakini mama aliyemnunua tumbili barabarani ili asiuawe, au mzee mwenye nyumba ya wageni anayefuga korongo taji wawili uani kwa kuwa waliokotwa wakiwa makinda, huona ukaguzi ni tusi. “Mimi ndiye niliyemwokoa, leo mnanishuku mimi?” Neno hilo nimelisikia Bukoba, nimelisikia na Muleba, na mara zote limetoka kwa watu wema. Basi leo nazungumza na watu wema.

Kumwokoa mnyama ni tendo la siku moja, pengine la dakika chache. Unatoa noti, unakata kamba, unamfunika kwa kanga, unakwenda naye nyumbani. Kumtunza ni kazi ya miaka. Kasuku wa kijivu akitunzwa vizuri huishi miaka 40 na kuzidi. Sokwe anaweza kufika 50. Katika muda huo mwokozi anazeeka, anahamishwa kikazi, anaugua, anafilisika, au anachoka tu kama binadamu wanavyochoka. Mnyama yupo palepale ndani ya tundu, na hana kwa kushtaki. Wema wa siku ya kwanza ulikuwa wa kweli, ila haulijazi bakuli la maji la leo. Mkaguzi hakuja kuupima moyo wako wa siku ile. Amekuja kulitazama bakuli.

Tena mnyama huyo si wako. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inasema wanyamapori wote wa Tanzania ni mali ya umma, na Rais ameshika dhamana yao kwa niaba ya wananchi. Ukipewa kibali cha kuwafuga, iwe ni kwa bustani ya maonyesho, shamba la wanyamapori au kituo cha kulelea yatima, umekabidhiwa amana. Mwenye amana hana haki ya kununa anapoulizwa imefikia wapi.

Wala tusidhani mambo haya yameletwa na wageni. Katika nchi ya Wahaya kila ukoo una mwiko wake wa mnyama, samaki au mmea. Wahinda, waliotawala Ihangiro ambayo leo ni Muleba, mwiko wao ni jamii ya tumbili. Wabito wa Kiziba wao ni pongo. Mtoto wa kila ukoo alikua akijua kwamba kuna kiumbe mmoja asiyeruhusiwa kumla hata njaa ikibisha mlangoni, na ndugu walioko pembeni walimwangalia. Mwiko haukuachiwa dhamiri ya mtu mmoja. Ukoo mzima ulikuwa mkaguzi. Na sisi tulio Waislamu na Wakristo tumefundishwa hivyohivyo. Mtume Muhammad alisimulia habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutie. Ukiitazama habari hiyo vizuri utaona kosa halikuwa kumpiga. Lilikuwa kumfunga na kumsahau. Kitabu cha Mithali nacho kinamtambua mwenye haki kwa jinsi anavyouangalia uhai wa mnyama wake.

Sasa nizungumze juu ya Rubondo, kwa maana katika Ziwa Victoria letu hakuna mfano ulio mkubwa kuliko huo. Kisiwa hiki leo kiko upande wa Geita, lakini mpaka mkoa ule ulipoanzishwa mwaka 2012, Chato iliyo ng'ambo yake ilikuwa Kagera, na wavuvi wa Muleba wanakijua vizuri. Mwaka 1965 kilitangazwa kuwa pori la akiba. Wakulima na wavuvi walioishi humo wakahamishwa. Bernhard Grzimek, Mjerumani aliyekuwa mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, akaja na wazo la kuwarudisha Afrika sokwe waliokuwa wakiishi kwenye bustani na sarakasi za Ulaya. Kati ya mwaka 1966 na 1969 waliachiwa Rubondo sokwe 17. Kundi la kwanza lilisafirishwa kwa meli hadi Dar es Salaam, kwa treni hadi Mwanza, kisha kwa boti mpaka kisiwani. Walikuwa wamezaliwa porini huko Afrika Magharibi, wakakamatwa wadogo, na baadhi yao walikuwa wamekaa kifungoni miaka mingi. Mlango ukafunguliwa, wakatoka.

Wengi wakistaajabia habari hii huishia hapo, nami naelewa kwa nini: sokwe wale waliishi, wakazaa, wakajifunza tena kujenga viota juu ya miti, na uzao wao uko kisiwani hadi leo katika hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1977. Lakini hadithi ina sehemu nyingine. Wanyama waliozoea kulishwa na mikono ya watu hawakuogopa watu. Baadhi yao walishambulia binadamu, na madume wawili wakapigwa risasi. Faru weusi waliopelekwa kisiwani miaka ileile walimalizwa na majangili. Grzimek alikuwa mtu wa huruma kubwa na juhudi kubwa. Sina neno baya juu ya moyo wake. Hata hivyo, waliowanusuru sokwe wale ni msitu mnene wa Rubondo, maji yaliyokizunguka kisiwa, na askari wa wanyamapori waliolinda mwaka hadi mwaka kwa mishahara midogo. Huruma iliwafikisha ufukweni tu. Leo hakuna mtaalamu anayejali kazi yake atakayemwachia sokwe wa bustani porini bila vipimo vya magonjwa, bila muda wa kumzoeza, bila mpango wa kumfuatilia baadaye.

Kaskazini, ziwa lilelile, kuna kisiwa cha Ngamba, karibu kilomita 23 kutoka Entebbe. Tangu mwaka 1998 kinatunza sokwe yatima walionyang'anywa wafanyabiashara haramu. Msitu wake ni kama hekta 40, hautoshi kuwalisha wote, kwa hiyo wanalishwa kila siku na wengi hurudi jioni kulala ndani. Kinachonivutia hapo ni jambo moja ambalo wageni hawalipendi wakilisikia: majike hupewa dawa za kuzuia mimba. Kituo cha kuokoa hakiongezi idadi ya waliofungwa. Basi ukiambiwa kwamba mahali fulani ni kimbilio la wanyama, na kila msimu una watoto wapya wa kupigwa nao picha, uliza mapema watoto hao watakwenda wapi wakikua. Marekani walichelewa kuliuliza swali hilo. Walikuwa na sheria ya ustawi wa wanyama tangu mwaka 1966, na bado watu walifuga chui milia na simba majumbani na kuwaita wageni waje kuwashika watoto wao kwa malipo, hadi sheria ya Desemba 2022 ilipopiga marufuku.

Sisi sheria tunazo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 ipo chini ya upande wa mifugo, na wakaguzi wake ni watu wa mifugo. Wanyamapori wako chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, na nje ya hifadhi za taifa wanasimamiwa zaidi na TAWA, mamlaka iliyoanza kazi mwaka 2016. Hapo ndipo penye ufa. Afisa wanyamapori akifika kwenye bustani anaomba kibali. Akiona karatasi ina mhuri na tarehe haijapita, anaridhika. Daktari wa mifugo angeweza kuona kwamba korongo ana kidonda chini ya mguu kwa kusimama kwenye saruji, lakini yeye anajua ng'ombe, na tena hakuitwa. Kila mmoja anadhani mnyama yule ni wa mwenzake. Nasaha yangu kwa halmashauri zetu, ya Manispaa ya Bukoba na ya Muleba, ni kwamba maafisa hawa wawili waende pamoja, gari moja, siku moja, na waandike taarifa moja.

Na wewe mkaguzi, kijana wangu, sikiliza. Usianzie ofisini kwenye soda na karanga. Anzia nyuma, kwenye tundu ambalo wageni hawapelekwi, kwa kuwa mnyama mzima huwekwa mbele. Fika saa ambayo hukutarajiwa. Gusa maji. Tazama kama kuna kivuli saa nane mchana, na mahali pakavu mvua za Bukoba zinapopiga siku nzima. Simama kimya, umwangalie mnyama bila kuongea na mwenyeji. Kasuku anayejinyonyoa manyoya kifuani mpaka ngozi inaonekana, chui anayekwenda na kurudi kwenye mstari uleule asubuhi hadi jioni, tumbili anayejikumbatia na kuyumba: hawa wamekuandikia taarifa tayari. Wataalamu wa ustawi wanataja uhuru wa aina tano, mawazo yaliyoanzia Uingereza mwaka 1965: kuepushwa na njaa na kiu, na adha ya mahali pabaya, na maumivu na maradhi, na hofu, na ule mmoja unaosahauliwa, uhuru wa kuishi kulingana na maumbile yake. Ndege aliyekatwa mbawa anaweza kuwa ameshiba, hana kidonda, hana hofu, na bado amenyimwa jambo lililomfanya kuwa ndege.

Kisha omba daftari la vifo. Daftari la kuzaliwa kila mtu analipenda. La vifo linakwambia kituo kilivyo: nani alikufa, lini, nani aliuchunguza mzoga, nini kilibadilishwa baada yake. Kituo kisichoandika vifo usikipe saini, hata kama mwenyewe ni mtu mkubwa, hata kama ni mfadhili wa kanisa au msikiti wako, hata kama ni shemeji. Hasa hapo kwa shemeji. Katika miji midogo kama yetu hongo si lazima iwe bahasha. Mara nyingi ni aibu tu ya kumwambia mzee unayemheshimu kwamba tundu lake ni dogo. Mwite Tata, yaani baba, msalimie kwa adabu zote, kisha mwambie.

Tusidhani kwamba maovu makubwa yalianzia kwa watu wabaya peke yao. Novemba 2010 wanyama na ndege hai zaidi ya 100, wakiwemo twiga wanne, walipandishwa ndege ya kijeshi kwenye uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) wakapelekwa Qatar. Twiga si mzigo wa kuficha kwenye begi. Alipita mbele ya macho ya watu wenye sare na vitambulisho. Biashara ya wanyama hai ikasitishwa, na mwaka 2016, baada ya tumbili 61 kukamatwa palepale KIA wakipelekwa Albania, ikafungwa tena. Juni 2022 TAWA ilitangaza kufungua kwa miezi sita ili wafanyabiashara waondoe wanyama waliokwisha kuwakamata. Wananchi wakapiga kelele, na waziri akasitisha haraka. Nilifurahi kama wengine. Ila katika furaha ile hatukuuliza vya kutosha habari za wanyama wenyewe: waliokuwa kwenye mabanda tangu katazo, nani aliwalisha miaka yote ile, wangapi walikufa, walikaguliwa mara ngapi? Serikali ikizuia biashara, imejitwika na wale waliokwisha kufungwa. Katazo lisilofuatwa na lishe na daktari linamwacha mnyama kati ya mfanyabiashara asiyemhitaji tena na serikali isiyomjua.

Kuna hofu moja lazima niitaje, maana naiona ikiharibu mengi. Mwananchi akikutwa na mnyamapori bila kibali, anaweza kushtakiwa kwa kukutwa na nyara za serikali, na mashtaka ya namna hiyo huweza kuingia kwenye uhujumu uchumi. Mtu anayejua hivyo, na ana komba au kobe aliyeachiwa na marehemu baba yake, anafanya nini? Anamficha zaidi. Au anamuua usiku na kumfukia kwenye migomba. Ukali wa sheria umewekwa kwa ajili ya majangili na ni haki yao, lakini kwa huyu unamgeukia mnyama mwenyewe.

Majirani zetu Rwanda walipita njia nyingine. Korongo taji, yule ndege mwenye shada la dhahabu kichwani, alikuwa akifugwa kwa fahari katika nyua za hoteli na nyumba za wenye uwezo. Daktari wa mifugo Olivier Nsengimana na wenzake, wakishirikiana na serikali, wakawatangazia watu wajitokeze kuwaandikisha ndege bila kuogopa kushtakiwa. Watu wakajitokeza. Ndege wakapimwa, wakavishwa alama. Wenye uwezo wa kuruka wakapelekwa Akagera, hifadhi inayopakana na mkoa wetu huu, na wale ambao mbawa zao zilikuwa zimevunjwa au kukatwa wasiweze kuruka tena wakatengewa ardhi oevu Kigali, iitwayo Umusambi Village. Naiomba Wizara yetu ilitafakari jambo hili kwa Kagera: muda maalumu wa kujitokeza, usajili bila pingu, na mahali halisi pa kuwapeleka. Bila hilo la mwisho mengine ni tangazo la redio tu. Mahali pa asili tunapo: Burigi-Chato yenye kilomita za mraba zaidi ya 4,700 tangu mwaka 2019, na msitu wa Minziro kule Missenyi, moja ya sehemu chache sana za Tanzania anakopatikana kasuku wa kijivu wa porini. Tusichokuwa nacho karibu ni banda la karantini na daktari wa wanyamapori anayeweza kufika siku hiyohiyo.

Kwa wageni wa bustani, na kwa wazazi mnaowapeleka watoto Jumapili, nina maneno machache. Shilingi yako ndiyo inayoamua. Ukilipa kupiga picha na nyani aliyefungwa mnyororo kiunoni, umemlipia mnyororo. Usimrushie karanga wala biskuti. Ukiwa na mafua, usiwasogelee sokwe. Mwaka 2006 ugonjwa wa njia ya hewa uliua sokwe kadhaa kule Mahale, na maradhi ya watu huwapata upesi kwa kuwa miili yao iko karibu na yetu. Nasi vilevile tunaweza kupata yao. Kagera hatuhitaji kufundishwa kitu hiki: Machi 2023 Marburg iliingia Maruku na Kanyangereko, ikawapata watu tisa na kuua sita, na Januari 2025 ikatangazwa tena Biharamulo. Sisemi ilitoka kwa mnyama wa kufugwa. Virusi vyake hukaa kwa popo wa matunda. Nasema mkoa uliozika watu wake kwa ugonjwa kama huo unapaswa kujua kila mnyama wa porini anayelala ndani ya ua, yuko wapi na nani amempima.

Narudi kwako, mwenye kituo. Sisi watu wa huku tunagombania kibanja hata kabla mwenyewe hajafa. Wosia unaandikwa, mashahidi wanaitwa, mipaka inahesabiwa kwa migomba. Je, umeandika kasuku wako atakwenda kwa nani? Mwaka 2020 watalii walipotoweka kwa sababu ya korona, vituo vilivyotegemea viingilio peke yake vilihangaika kutafuta chakula, na njaa ya mnyama haisubiri msimu. Weka akiba ya chakula cha miezi kadhaa. Andika mrithi wa kazi, na mwambie akiwa bado ana nafasi ya kukataa. Weka jina la daktari ukutani, pamoja na namba yake. Mkaguzi akija, mpe daftari kabla hajaliomba, na akikuonyesha kasoro, mwombe aiandike ili ubaki na nakala. Ukiirekebisha, mwite tena aje aone.

Na kama una tumbili amefungwa kwenye mgomba nyuma ya nyumba, na maneno haya yamekugusa, nakuomba usimpeleke Minziro usiku ukamwachie. Hajui kutafuta chakula, kundi la huko litamshambulia au atarudi kwenye nyumba za watu, na akiwa na ugonjwa atawaambukiza wengine. Mlegezee kamba leo, mpe maji na kivuli. Kesho nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji, mweleze, uwe na shahidi kwamba umejipeleka mwenyewe. Kisha nendeni pamoja ofisi ya maliasili ya halmashauri, mkamtake afisa wanyamapori na daktari wa mifugo waje wote wawili. Andika tarehe uliyotoa taarifa na jina la aliyeipokea. Wasipofika, rudi.